Robo Kilo ya Ishirini na Mbili

Nyumbani kwangu Keko ninavyo kumi na saba,
viyoyozi vya dirishani, vile vya kasha,
na tunalala na pangaboi.
Mgeni akija, Salha humtambulishia mmoja mmoja
kama wake wenza: huyu katoka benki,
huyu ofisi ya forodha, yule chini ya masufuria
kang'olewa hoteli iliyokufa mtaa wa Mkwepu.
"Kumi na saba," humalizia, "na jasho hili unaliona."

Sikatai. Ni ugonjwa.
Wengine hufuga njiwa.
Mimi nikiona tundu la mstatili ghorofani
limezibwa kwa tofali jipya
naumia, kama niliyekuta rafiki kang'olewa jino.

Vilitengenezwa na watu waliokuwa na muda:
bati nene, kompresa nzito kama mtoto wa miaka mitano,
swichi inayolia *ko* ukiizungusha.
Neno la baridi limefutwa na vidole vya watu.
Neno la feni bado jipya.

Tatizo ni gesi.
Ya kumi na mbili walishaipiga marufuku.
Ishirini na mbili inaaga taratibu,
kama mgeni aliyesimama mlangoni na viatu mkononi.
Wanasema ilikuwa inatoboa paa la dunia. Naamini;
nimeshika mirija maisha yangu yote,
najua gesi hailali mpaka ipate tundu.
Ila nenda Gerezani: watakuuzia mtungi wa kijani,
rangi bado inashika kidole,
na ndani mna kitu kinachowaka.
Pazi alijaribu. Nyusi zake
zilichukua miezi mitatu kurudi.

Basi mimi huvuna. Nafyonza kwenye mashine zinazokufa
gramu kwa gramu, siachii hata pumzi hewani.
Nimefikisha robo kilo.
Mtungi umo kabatini, pamoja na vyeti vya watoto.

Jumatatu akanipigia Bi Zarina wa Upanga, ghorofa ya tatu.
"Njoo ukichukue, bure. Mwanangu kaniletea kipya."
Nikapanda na kamba na spana, moyo mbele yangu.
Cha mwaka sabini na nne! Chumvi imekula mapezi,
kunguru wamejenga mgongoni kiota cha waya na henga.
Nikapaka povu la sabuni kwenye mirija:
hakuna hata kipovu kimoja.
Kimekauka siku nyingi.
Nikaukumbuka mtungi wangu. Nikasema, ndiye huyu.

Bi Zarina hakuondoka mlangoni.
"Hiki kipya kinapoza," akasema. "Kinapoza mno.
Lakini hakisemi kitu. Tangu Jumamosi sijalala."
"Na hiki kilikuwa kinapoza?"
"Kupoza? Kiliacha mwaka aliofariki mzee. Miaka tisa.
Nilikuwa nakiwasha tu."

Nikakaa sakafuni.
Miaka thelathini ya ufundi, sijawahi kuitwa kutengeneza sauti.
Nikaichomoa kompresa waya,
nikaitia mota ya feni matone mawili ya mafuta.
Nilipofika kwenye skrubu iliyolegea, akanishika bega:
"Huo mtikisiko, huo. Usiukaze."

*Ko.*
Kikakohoa vumbi, kikatema nyoya moja jeusi,
kikaanza kunguruma.
Bi Zarina akafumba macho palepale aliposimama.

Nikarudi Keko mikono mitupu.
"Kumi na nane?" Salha akauliza.
"Kumi na saba."
Usiku nikayahamisha masufuria,
nikachomeka yule wa Mkwepu, feni peke yake.
Salha akasikiliza gizani.
"Kinapuliza joto."
"Najua."
Kikaendelea kuguna, kama mtu anayetafuta funguo chumba cha pili.
"Luku imebaki uniti nne," akasema,
lakini hakuinuka kuzima.